Dubai hadi Guangzhou: Kwa Nini Kwenda Huchukua Muda Mfupi Kuliko Kurudi

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayefuata mzigo Guangzhou kupitia Dubai hukutana na hesabu ngumu mara tu anapoisoma tiketi yake. Tuchukue mfano wa saa zinazofanana na zile za ratiba za kawaida katika njia hii. Ndege inaondoka Dubai 10:30, yaani saa nne na nusu asubuhi, na inafika Guangzhou 21:50, saa nne kasoro dakika kumi usiku. Wakati wa kurudi inaondoka Guangzhou 00:15, saa sita na robo usiku, na inafika Dubai 04:25, saa kumi na dakika ishirini na tano alfajiri. Msafiri akitoa saa ya kuondoka katika saa ya kufika, anapata kwamba kwenda kunachukua saa 11 na dakika 20, ilhali kurudi ni saa 4 na dakika 10 tu. Miji ni ile ile, aina ya ndege huenda ikawa ile ile, na umbali haujapungua. Hakuna hata moja kati ya hesabu hizo mbili iliyo muda halisi wa safari, na ili kuupata muda huo ni lazima kutenganisha mambo yaliyochanganyika katika tarakimu chache za tiketi: saa za nchi mbili, umbali wa kwenye ramani, njia ambayo ndege huifuata kweli, upepo wa juu, na namna mashirika ya ndege yanavyopanga ratiba zao.

Tuanze na saa, kwa kuwa ndizo rahisi kuliko mengine yote. Kila saa inayoandikwa kwenye tiketi ni ya mahali ndege ilipo wakati huo: saa ya kuondoka ni ya mji wa kuondokea, na saa ya kufika ni ya mji wa kufikia. Dubai iko mbele ya saa ya kimataifa kwa saa 4, na Guangzhou kwa saa 8, kwa hiyo tofauti kati yake ni saa 4. Tofauti hiyo inakaribiana sana na mwendo wa jua lenyewe. Uwanja wa ndege wa Dubai uko katika longitudo ya nyuzi 55 hivi mashariki, ule wa Guangzhou uko nyuzi 113, na dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa. Hivyo adhuhuri ya Guangzhou huitangulia ile ya Dubai kwa saa 3 na dakika 52 hivi. Tofauti hii haibadiliki mwaka mzima, kwa sababu Falme za Kiarabu hazisogezi saa zao kwa misimu, na China iliyojaribu kufanya hivyo kati ya 1986 na 1991 iliacha. China, ambayo kwa upana wake ingeweza kugawanywa katika kanda tano za saa, imetumia saa moja ya Beijing kwa nchi nzima tangu 1949. Katikati ya safari ndege huvuka nchi zenye saa za nusu na robo, kama India iliyo mbele kwa saa 5 na nusu, Nepal kwa saa 5 na dakika 45, na Myanmar kwa saa 6 na nusu, lakini hayo hayaingii katika hesabu ya abiria anayepita juu tu.

Kwa hiyo wakati wa kwenda msafiri hutoa saa 4 katika ile hesabu yake ya kwanza, na wakati wa kurudi huziongeza. Saa 11 na dakika 20 zinakuwa saa 7 na dakika 20. Saa 4 na dakika 10 zinakuwa saa 8 na dakika 10. Kioja kikubwa kimeondoka, lakini kimebaki kingine kidogo, nacho ndicho kinachostahili kuchunguzwa: dakika 50 za ziada wakati wa kurudi. Hizo hazielezwi na saa za nchi yoyote.

Kuhusu umbali, watu hupata namba tofauti kulingana na mahali walipotafuta, nao hudhani kwamba mojawapo ni ya uongo. Umbali kutoka uwanja wa kimataifa wa Dubai hadi uwanja wa Baiyun wa Guangzhou ni takribani kilomita 5,830. Mahali pengine utaona umeandikwa 3,620, na mahali pengine 3,150. Ya kwanza ni kwa maili za nchi kavu, ambazo kila moja ni kilomita 1.609, ya pili ni kwa maili za baharini, ambazo kila moja ni kilomita 1.852 na ndizo zinazotumiwa na marubani na manahodha. Zote tatu zinataja kitu kimoja. Tofauti nyingine ndogo hutokana na umbo la dunia, ambayo si tufe kamili: nusu kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378, na kwenye ncha ni kilomita 6,357, kwa hiyo programu inayoichukulia kuwa mviringo kamili na ile inayozingatia ubapa wake hutofautiana kwa kilomita chache. Vilevile wapo wanaopima kutoka katikati ya mji hadi katikati ya mji, na uwanja wa Baiyun uko zaidi ya kilomita 25 kaskazini mwa kitovu cha Guangzhou. Tofauti za namna hii si za kumkosesha mtu usingizi.

Jambo lenye uzito zaidi ni umbo la mstari wenyewe. Kwenye ramani bapa ya ukutani, Dubai na Guangzhou ziko karibu usawa mmoja, ya kwanza latitudo ya nyuzi 25 kaskazini na ya pili latitudo ya nyuzi 23, na jicho humwambia mtu kwamba njia fupi ni kunyoosha rula kuelekea mashariki. Ukichukua tufe la dunia na kuvuta uzi kati ya miji hiyo miwili mpaka ukaze, utaona uzi unapanda kaskazini kwanza kabla ya kushuka tena. Huo ndio upinde wa duara kuu, njia fupi kuliko zote juu ya uso wa mviringo. Kwa Dubai na Guangzhou upinde huo huvuka mdomo wa Ghuba ya Oman, ukaingia Iran ya kusini mashariki, ukapita mkoa wa Sindh nchini Pakistan, ukaingia India na kupita karibu na Agra, ukavuka Nepal kusini kidogo ya Kathmandu, ukagusa kusini mwa Bhutan, ukapita milima ya mpaka wa India na Myanmar, ukaingia China na kupita karibu na Kunming, kisha ukateremka kupitia Guangxi hadi Guangzhou. Kilele chake kiko zaidi kidogo ya nyuzi 27 kaskazini. Kwa miji hii miwili faida ya kufuata upinde badala ya latitudo ni ndogo, chini ya kilomita 50, kwa sababu iko karibu na tropiki na haiko mbali sana moja na nyingine. Faida hiyo hukua kadiri miji inavyokuwa kaskazini zaidi na kutengana zaidi: kati ya Dubai na uwanja wa Narita wa Tokyo, upinde huokoa karibu kilomita 250 ukilinganishwa na mstari ulionyooka kwenye ramani ya mabaharia.

Hata hivyo, ndege ya Guangzhou haifuati upinde huo kikamilifu, na sababu ya kwanza ni milima. Kwa kawaida mtu hufikiri kwamba ndege inayoruka mita 11,000 juu haina haja ya kujali mlima wa mita 8,000. Tatizo halipo pale kila kitu kinapokwenda sawa, bali pale hewa ya ndani ya ndege inapovuja ghafla. Barakoa za oksijeni zinazoshuka kutoka juu ya viti vya abiria huwa na oksijeni ya kutosha kwa robo saa hivi, na katika muda huo rubani anatakiwa kuishusha ndege hadi karibu mita 3,000, mahali ambapo watu wanaweza kupumua bila msaada. Juu ya uwanda wa Tibet, ambao wastani wa urefu wake ni kama mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, kushuka huko hakuwezekani, kwa kuwa ardhi yenyewe iko juu zaidi ya hapo. Ndege zinazopita huko zinahitaji oksijeni ya ziada na mipango maalumu ya kukimbilia upande wenye ardhi ya chini. Kwa sababu hiyo ndege nyingi kati ya Ghuba na China ya kusini hujiweka kusini mwa Himalaya, juu ya nyanda za India na Bangladesh, kisha huvuka Myanmar kuelekea Yunnan, mkoa wa kusini magharibi mwa China.

Ukanda huo wa mwisho una historia nzito. Kati ya 1942 na 1945, baada ya Japani kuifunga njia ya nchi kavu ya Burma (Myanmar ya leo), ndege za mizigo za Marekani na washirika wake zilibeba mafuta na silaha kutoka viwanja vya Assam, kaskazini mashariki mwa India, hadi Kunming kwa kupita juu ya milima hiyo, na mamia ya ndege yalipotea kwa sababu ya barafu, mawingu na pepo kali. Leo abiria huvuka eneo hilo hilo akiwa amelala, akiwa juu zaidi kwa maelfu ya mita, na huenda asijue kabisa alipo.

Sababu ya pili ni kwamba anga ina mipaka kama ardhi. Ndege haikati popote inapotaka: hufuata njia za anga zilizochorwa kati ya vituo vyenye majina, na huingia nchi nyingine kupitia milango iliyokubaliwa kati ya waongozaji ndege wa pande zote mbili. China ina milango michache upande wa kusini magharibi, na sehemu kubwa ya anga yake iko chini ya usimamizi wa jeshi, kwa hiyo ndege kutoka Ghuba, Asia Kusini na Afrika hukusanyika kwenye matundu machache hayo. Kuna hata jambo la vipimo: nchi nyingi duniani hupanga ndege kwa futi, ilhali China hutumia mita, hivyo ndege iliyokuwa futi 37,000 juu ya Myanmar hupewa kimo cha mita, kwa mfano mita 11,300, inapovuka mpaka. Mwisho wa safari kuna msongamano wa delta ya Mto Lulu, ambako Guangzhou, Shenzhen, Hong Kong, Macau na Zhuhai zote zina viwanja vya ndege ndani ya eneo dogo. Ndege inayokaribia Baiyun inaweza kuzungushwa au kupunguzwa mwendo kabla ya kupewa ruhusa ya kutua.

Vita navyo huchora ramani upya. Pakistan ilifunga anga yake mwishoni mwa Februari 2019 kufuatia mapigano yake na India, na haikuifungua kikamilifu kwa ndege zipitazo mpaka Julai mwaka huo. Mwaka 2025, kuanzia Aprili, nchi hizo mbili zilipiga marufuku ndege za kila upande kupita katika anga ya mwingine, na mwezi Juni mwaka huo huo anga ya Iran ilifungwa wakati wa mapigano kati yake na Israel. Kila kufungwa kwa namna hiyo kunaweza kuisukuma njia kusini, juu ya Bahari ya Arabu, na kuongeza mamia ya kilomita kwa ndege ambazo kwa siku ya kawaida zingekata moja kwa moja. Kwa ujumla basi, katika siku isiyo na misukosuko, kilomita zinazorukwa hasa kati ya Dubai na Guangzhou ni zaidi ya zile 5,830. Kwa ajili ya hesabu zitakazofuata tutachukua 6,000, iwe ni kwenda au kurudi.

Sasa turudi kwenye zile dakika 50. Jibu linalosikika mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, ni kwamba dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo mji mmoja hukimbia na mwingine hujileta. Ni jibu linalovutia, lakini si sahihi, na njia nzuri ya kulikataa ni kulifuata mpaka mwisho wake. Katika latitudo ya Dubai na Guangzhou, uso wa dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 1,500 kwa saa. Kama ndege ikishapaa ingeachwa nyuma na mzunguko huo, basi ndege ya kutoka Dubai ingekuwa inaufukuza mji unaokimbia kwa kasi kubwa kuliko yake, nayo isingeufikia kamwe. Na ndege ya kurudi ingefika Dubai kwa saa mbili na nusu tu. Hali halisi ni kinyume: kuelekea mashariki, upande ule ule ambao mji ungekuwa unakimbilia, ndiko kunakochukua muda mfupi. Ndege, kabla ya kupaa, tayari inazunguka pamoja na ardhi, na hewa inamoruka nayo inazunguka pamoja na dunia. Kinachobadilisha mambo ni pale hewa hiyo inapokuwa na mwendo wake wa ziada juu ya ule wa dunia, na mwendo huo wa ziada ndio upepo.

Kwenye kimo cha kilomita 10 hadi 14, katika latitudo za nyuzi 25 hadi 30 hivi, huvuma ukanda mwembamba wa upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki, ambao wataalamu wa hali ya hewa huuita mkondo wa upepo wa nusu tropiki. Huzaliwa kwa sababu hewa ya joto iliyopanda kwenye ikweta husafiri juu kuelekea kaskazini, na kadiri inavyosonga mbali na ikweta ndivyo inavyojikuta juu ya sehemu za dunia zinazozunguka polepole zaidi, hivyo huzitangulia kuelekea mashariki. Hapa ndipo mzunguko wa dunia unapoingia kweli katika safari: hausukumi ndege, lakini huuelekeza upepo unaoisukuma. Mtu wa kwanza kuupima vizuri mkondo wa aina hii alikuwa mtaalamu wa Kijapani, Wasaburo Oishi, aliyerusha baluni kutoka kituo cha Tateno katika miaka ya 1920 na kuzifuatilia kwa darubini. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1926 kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili itumiwe na mataifa yote, akitumaini kwamba wengi wangeyasoma, lakini nje ya Japani hayakuzingatiwa. Marubani wa Marekani walioruka juu ya Japani mwishoni mwa 1944 walishangazwa na pepo zilizozidi kilomita 200 kwa saa, ambazo Oishi alikwisha kuziandika miaka karibu ishirini kabla.

Hesabu yake ni nyepesi. Ndege kubwa ya abiria hukata hewa kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Bila upepo wowote, kilomita 6,000 zingechukua saa 6 na dakika 40 kwenda, na vivyo hivyo kurudi. Upepo wa wastani wa kilomita 100 kwa saa ukiwa nyuma ya ndege, kasi yake juu ya ardhi inakuwa 1,000, na safari inakuwa saa 6 kamili. Upepo huo huo ukiwa wa mbisho wakati wa kurudi, kasi inashuka hadi 800, na safari inakuwa saa 7 na nusu. Tofauti ni saa moja na nusu. Na kuna jambo ambalo wengi hulipuuza: upepo haulipi kwa kwenda kile unachokichukua kwa kurudi. Jumla ya safari mbili bila upepo ni saa 13 na dakika 20. Pamoja na upepo ni saa 13 na nusu. Sababu ni kwamba ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga kuliko ndani ya upepo unaoisaidia. Ndiyo maana wapangaji wa safari huitafutia ndege ya kurudi njia inayoukwepa mkondo, mara nyingi kwa kupita kusini zaidi, hata kama njia hiyo ina kilomita nyingi kidogo. Njia fupi kwa kilomita inaweza kuwa ndefu kwa saa, na pia ghali kwa mafuta.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, sehemu inayofuata haipaswi kuwa ngeni kabisa, kwa kuwa mabaharia wetu waliishi kwa kuijua. Mkondo huo haukai mahali pamoja mwaka mzima. Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati kaskazi inavuma baharini na majahazi kutoka Oman, Hadhramaut na Gujarat yalipokuwa yakishuka kuja Lamu, Mombasa na Unguja, bara la Asia limepoa, na mkondo wa juu umelala kusini mwa Himalaya, karibu kabisa na njia ya Dubai na Guangzhou. Huo ndio wakati tofauti kati ya kwenda na kurudi inapokuwa kubwa kuliko wakati wowote. Kuanzia Juni, bara la Asia na hasa uwanda wa Tibet ukisha kupata joto, mkondo huruka kwenda kaskazini mwa Tibet, na kuhama huko hufuatana na kuanza kwa mvua za msimu nchini India. Kusi inayovuma pwani yetu wakati huo huvuka ikweta na kuungana na mkondo wa chini, usiofika mbali zaidi ya kilomita moja au mbili kutoka usawa wa bahari, unaopita mashariki ya Kenya na Somalia na kuipeleka mvua hiyo India. Juu zaidi, upande wa kusini mwa India, huzuka hata upepo wa kutoka mashariki. Kwa miezi hiyo pepo za juu katika njia ya Guangzhou hudhoofika. Tukichukua upepo wa kilomita 20 tu kwa saa katika hesabu ile ile, kwenda kunakuwa saa 6 na dakika 31, na kurudi saa 6 na dakika 49. Tofauti imeshuka hadi dakika 18.

Ni vizuri kuwa waangalifu hapa. Kaskazi na kusi, pepo za chini zinazojaza tanga, haziigusi ndege iliyo kilomita 11 juu, na wala hazielekei upande mmoja na mkondo wa juu. Kinachoziunganisha ni chanzo: kupata joto na kupoa kwa bara la Asia kila mwaka, ambako hugeuza pepo za chini na kuuhamisha mkondo wa juu kwa wakati mmoja. Nahodha aliyengoja miezi kadhaa Zanzibar mpaka kusi ianze ili arudi Sur au Muscat, na mpangaji wa safari za ndege anayeongeza dakika kwenye ratiba ya kipindi cha baridi, wanashughulikia sehemu mbili za mfumo mmoja.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi, basi, si muda wa kuwa hewani. Mashirika ya ndege huhesabu kuanzia ndege inapoondolewa kwenye maegesho yake mpaka inapoegeshwa tena mwisho wa safari. Ndani yake kuna foleni ya kuelekea njia ya kurukia, ambayo Dubai inaweza kuwa ndefu nyakati za usiku na alfajiri zenye ndege nyingi. Kuna kupanda na kushuka, ambako mwendo ni mdogo kuliko ule wa juu. Na kuna kutembea ardhini baada ya kutua. Pamoja na hayo huongezwa dakika za akiba, zinazopatikana kwa kuangalia jinsi safari zilizopita zilivyokwenda msimu kama huo. Kwa hiyo rubani akitangaza kwamba safari itachukua saa 6 na nusu ilhali tiketi inasema saa 7 na dakika 20, hakuna aliyedanganya: rubani anazungumzia hewani kwa upepo wa siku hiyo, na tiketi inazungumzia maegesho hadi maegesho kwa wastani wa msimu. Ndege ikifika dakika 25 kabla ya wakati, mara nyingi ni kwamba upepo ulikuwa mzuri kuliko wastani au foleni haikuwapo.

Anayetoka Afrika Mashariki ana hesabu moja zaidi ya kufanya kabla hajachagua njia. Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou moja kwa moja ni kama kilomita 8,700. Kupitia Dubai ni kama kilomita 3,980 hadi Dubai, kisha zile 5,830, jumla 9,810. Kuzunguka huko huongeza karibu kilomita 1,100, sawa na saa moja na robo hewani, na si zaidi. Kwa anayetoka Nairobi nyongeza ni karibu kilomita 700. Kinachorefusha safari ya kuunganisha si mzunguko huo bali muda wa kungoja Dubai, ambao unaweza kuwa saa mbili au kumi na mbili kutegemea ratiba, na huo ndio wa kuuangalia kwanza mtu anapolinganisha bei.

Kungoja huko kunadai uangalifu zaidi wakati wa kurudi, wakati ule wa pepo za mbisho. Ndege ya pili ikiondoka Dubai muda mfupi baada ya ile ya Guangzhou kufika, kipindi cha Desemba hadi Februari ndicho chenye hatari kubwa ya kuikosa, kwa kuwa mkondo ukiwa na nguvu kuliko wastani hata dakika za akiba huisha. Mashirika hubadilisha ratiba mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na muda wa safari ile ile unaweza kuandikwa tofauti katika vipindi hivyo viwili. Tiketi iliyonunuliwa Agosti kwa safari ya Januari inafaa kusomwa upya baada ya Oktoba. Pia tarehe itazamwe kwa makini. Ndege ya 00:15 tarehe 12 huondoka dakika kumi na tano tu baada ya tarehe 11 kwisha, kwa hiyo msafiri anatakiwa awe Baiyun jioni ya tarehe 11. Tulio zoea kuhesabu usiku kuanzia magharibi tunaweza kwa urahisi kuiita saa sita hiyo usiku wa tarehe 12, tukafika uwanjani siku nzima baada ya ndege kuondoka.